Ukiunganisha idara za mpakani, mshono hauishi, unahama

Nchi ikipata mshtuko mpakani, iwe ni shambulio, shehena kubwa ya dawa za kulevya au ugonjwa ulioingia na abiria, jibu la haraka la wanasiasa huwa ni moja: idara zote za mpakani ziwekwe chini ya bosi mmoja. Methali ya kulitetea ipo tayari, manahodha wengi chombo huenda mrama, na mchoro wa muundo mpya hukamilika ndani ya wiki chache. Yanayochukua miaka ni yale yasiyoonekana kwenye mchoro: nani ana mamlaka ya kisheria ya kufungua begi, mshahara wa nani unatoka fungu lipi, na jina la msafiri mmoja limeandikwaje kwenye mifumo minne tofauti.

Kazi ya mpakani ni ndefu kuliko mpaka wenyewe. Inaanzia ubalozini visa inapotolewa, inapita kwenye kibanda cha ukaguzi, na inaweza kuishia mahakamani au kwenye ghala la mwenye mzigo. Popote utakapoikata ili kumpa huyu kipande na yule kipande, unaacha mshono. Kuunganisha idara kunaondoa mshono mmoja na karibu kila mara kunaleta mwingine kwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la anayepanga upya ni wapi mshono ukae, na nani atakuwa anauangalia kila siku.

Wanaosimama kwenye kituo kimoja cha kawaida ni wengi kuliko msafiri anavyodhani. Uhamiaji anamtazama mtu. Forodha anatazama mzigo na kodi yake. Afisa wa afya anatafuta homa na vyeti vya chanjo, kwa sababu Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka kila nchi iwe na uwezo huo kwenye vituo ilivyoviteua. Mkaguzi wa mimea na mifugo anatafuta wadudu na maradhi, wa viwango anatafuta bidhaa mbovu, polisi yupo, na idara ya usalama ipo bila kibao mlangoni. Kati ya kituo na kituo, kwenye njia za panya, kuna doria ya polisi au jeshi. Majini kuna wanamaji au walinzi wa pwani. Kila mmoja ana sheria yake, waziri wake, fungu lake la bajeti na mfumo wake wa kompyuta.

Marekani: idara 22, na mshono uliokatwa katikati ya upelelezi

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Marekani baada ya Septemba 11, 2001. Sheria ya kuunda Wizara ya Usalama wa Ndani ilitiwa saini Novemba 25, 2002, na Machi 1, 2003 idara nyingi kati ya 22 zilihamia rasmi chini ya waziri wa kwanza, Tom Ridge. Forodha, iliyokuwa Hazina tangu 1789, ilihama. Walinzi wa pwani walitoka Wizara ya Uchukuzi. Idara ya uhamiaji, INS, iliyokuwa chini ya Wizara ya Sheria, haikuhamishwa ikiwa nzima: ilivunjwa.

Sababu ya kuivunja ilikuwa na uzito. INS ilikuwa inatoa huduma na kukamata watu kwa mkono uleule, na mikono yote miwili ilikuwa imelemewa. Machi 2002, miezi sita baada ya shambulio, chuo cha urubani kule Florida kilipokea barua za kukiarifu kwamba maombi ya visa ya uanafunzi ya Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi yalikuwa yamekubaliwa. Wote wawili walikuwa wamekufa ndani ya ndege walizoziteka. Idhini yenyewe ilikuwa imetolewa kabla ya Septemba. Makaratasi ndiyo yaliyochelewa. Baada ya aibu ile hakuna aliyebaki wa kuitetea INS.

Vipande vitatu vikatoka. USCIS ikachukua maombi ya uraia na ukaazi. CBP ikachukua ukaguzi wa vituoni pamoja na doria ya mpakani. ICE ikachukua upelelezi, mahabusu na kuwarudisha watu makwao. Hapa ndipo penye somo. Forodha ya zamani ilikuwa na mkaguzi anayefungua kontena na mpelelezi anayefuatilia mwenye kontena, wote chini ya kamishna mmoja. Muundo mpya ulimpeleka mkaguzi CBP na mpelelezi ICE. Mshono kati ya uhamiaji na forodha kwenye kibanda uliondoka, lakini mwingine ukaja kati ya aliyekamata na anayepeleleza. Kilo za dawa zikikamatwa kituoni, anayezikamata anategemea taasisi nyingine ije ichukue kesi, nayo ina vipaumbele vyake na bajeti yake.

Tatizo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 2005, miaka miwili tu baada ya kuzaliwa, Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo alitoa ripoti nzima kuchambua pendekezo la kuziunganisha tena CBP na ICE. Hazikuunganishwa. Mwaka 2004 ICE ilikuwa imesimamisha ajira kwa upungufu wa fedha, na chanzo kimojawapo kilikuwa cha kihasibu tu: akaunti za idara za zamani ziligawanywa kabla ya kukubaliana nani anabeba gharama ipi. Mtu anahamia kwako na dawati lake, lakini pango la ofisi yake bado linalipwa na mwingine, au halilipwi na yeyote.

Ukaguzi wa kilimo ndio mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu hausemwi sana. Wakaguzi wa mimea na mifugo wapatao 1,800 walihamishwa kutoka Wizara ya Kilimo kwenda CBP, wakati kauli ya wakubwa ilikuwa kwamba msafiri akutane na sura moja tu mpakani. Mtu aliyesomea wadudu akajikuta chini ya msimamizi aliyesomea silaha na hati bandia, kwenye taasisi ambayo mafanikio yake yanahesabiwa kwa watu waliokamatwa na kilo zilizonaswa. Mwaka 2006 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliandika kwamba matatizo ya uongozi na uratibu yameongeza hatari ya wadudu na maradhi ya kigeni kuingia kwenye kilimo cha nchi hiyo. Yaani nchi iliimarisha mlango mmoja na kulegeza mwingine ndani ya jengo lilelile.

Kwenye Bunge lenyewe kulikuwa na mshono ambao haukuguswa kabisa. Tume iliyochunguza mashambulio yale iliandika kwamba wizara mpya ilikuwa inawajibika kwa kamati na kamati ndogo 88. Serikali iliunganisha idara, Bunge likabaki na kamati zake, na kila kamati ikaendelea kuita viongozi na kudai taarifa kwa muundo wake.

Waliounganisha na kutengua, na waliomwacha mtoza kodi nje

Uingereza iliunda wakala mmoja wa mipaka mwaka 2008 kwa kuunganisha uhamiaji, utoaji wa visa na kazi za forodha za bandarini na viwanja vya ndege. Mwaka 2011 ikabainika kwamba baadhi ya ukaguzi ulikuwa ukilegezwa foleni zikizidi, na waziri akasema legezo lilivuka alichokiidhinisha. Mkuu wa kikosi cha mpakani akaondoka. Machi 2012 kikosi hicho kikatenganishwa na wakala, na Machi 2013 Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akatangaza kwamba wakala wenyewe unafutwa. Miaka mitano, basi.

Kiini cha mkasa ule ni kitu kidogo: karatasi inayosema nani, kwa cheo gani, anaweza kuamuru ukaguzi fulani usitishwe, kwa muda gani, na amwarifu nani ndani ya saa ngapi. Foleni ikifika nje ya jengo na ndege tatu zaidi ziko njiani, msimamizi wa zamu atalegeza kitu, upende usipende. Bila karatasi hiyo atalegeza kimyakimya, na taarifa ya mwezi itaonyesha kwamba kila abiria alikaguliwa kikamilifu.

Afrika Kusini ilikwenda polepole zaidi. Sheria Namba 2 ya 2020 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka, BMA, na kuanzia Aprili 1, 2023 ikasimama yenyewe kama taasisi ya umma inayoendesha vituo 71 vya kuingilia nchini. Watumishi wa uhamiaji, afya ya bandarini, kilimo na mazingira walihamishiwa huko. Forodha ilibaki kwa mamlaka ya mapato, SARS, na jeshi likabaki na doria ya nchi kavu kati ya vituo. Kwa hiyo nahodha ni mmoja kwa mtu, lakini mzigo una wa kwake, na kinachowaunganisha ni itifaki za utekelezaji zilizosainiwa.

Wengi wanaliona hilo kama udhaifu. Mimi naona lina mantiki yake. Forodha ni mkusanyaji wa kodi, na kazi yake kubwa inafanyika mbali na lango: uthamini wa bidhaa, uainishaji, ukaguzi wa vitabu vya mwagizaji miaka miwili baadaye. Ukiing'oa pale langoni tu, unamtenganisha anayeona mzigo na anayejua historia ya mwenye mzigo. Ukiihamisha yote, waziri wa fedha hatakubali, na akikubali utakuwa na mamlaka ya usalama inayopimwa kwa makusanyo. Canada ilichagua kinyume: Desemba 2003 iliunda wakala mmoja, CBSA, kwa kuchukua forodha, utekelezaji wa sheria za uhamiaji na ukaguzi wa chakula mpakani, ila polisi wa taifa, RCMP, wakabaki na eneo lililo kati ya vituo. Wenzetu wa Canada wamedumu na muundo huo zaidi ya miaka 20. Hakuna jibu moja, ila kila jibu lina mahali pake pa kuchanika.

Kabla ya mchoro: jedwali la mamlaka

Kazi ya kwanza ya timu ya maandalizi ni ya kuchosha na haina picha nzuri ya kuweka gazetini. Andika kila kitendo ambacho afisa anakifanya mpakani: kusimamisha gari, kuuliza maswali, kupekua begi, kupekua mwili, kufungua kontena, kuchukua alama za vidole, kuangalia simu, kuzuia mtu, kuzuia mali, kukataa kuingia, kutoza faini, kutumia silaha, kurudisha mtu alikotoka. Mbele ya kila kitendo weka kifungu cha sheria, cheo kinachotajwa, kiwango cha shaka kinachohitajika, muda wa mwisho, na mahali pa kukata rufaa. Kwa nchi yenye taasisi saba, jedwali hufika mistari mia na zaidi bila shida.

Faida yake inaonekana kwa mfano huu. Afisa aliyekuwa uhamiaji, sasa akiwa wa mamlaka mpya, anafungua buti ya gari akitafuta mtu aliyejificha. Anakuta katoni za sigara zisizotangazwa. Sheria ya uhamiaji inamruhusu kutafuta mtu. Kuzuia sigara ni kazi ya "afisa wa forodha" kama alivyofafanuliwa kwenye sheria ya forodha, na ufafanuzi huo haujabadilishwa. Mahakamani wakili wa utetezi ana swali moja tu: umeteuliwa chini ya kifungu gani? Kesi inafia hapo, na sigara zinarudishwa.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni sheria mpya kurekebisha tafsiri za maneno kwenye sheria za zamani, moja baada ya nyingine, kwa jedwali nyuma ya muswada. Sentensi ya jumla kwamba "popote palipotajwa idara fulani pasomeke mamlaka" inasaidia kwa majina ya taasisi, ila haimgusi afisa aliyetajwa kwa cheo. Ya pili ni barua za kukasimu madaraka, zenye jina, namba ya utumishi na vifungu, ziwe zimesainiwa na nakala ipo kituoni kabla ya siku ya kwanza. Kukasimu bila mafunzo ni hatari nyingine: afisa anapewa uwezo wa kupekua mwili kwa sheria asiyoijua mipaka yake.

Muda wa kumshikilia mtu ndio unaosumbua kuliko yote. Polisi wanahesabu saa zao, uhamiaji wana zao, forodha wanazuia mali kwa siku na si mtu. Mtu mmoja akipita mikononi mwa maafisa watatu wa mamlaka moja, saa ilianza kuhesabika lini? Iandikwe: inaanza pale alipozuiwa mara ya kwanza, na fomu moja ya mahabusu imfuate mpaka mwisho.

Vifungu vya mpito vishughulikie pia vitu vidogo. Kesi zilizo mahakamani zinaendelea kwa jina la nani? Mihuri ya zamani inatumika mpaka tarehe gani, na nani anaikusanya, anaihesabu na kuiteketeza? Mikataba ya matengenezo ya skana ilisainiwa na idara ambayo haipo tena. Mtoa huduma ana haki ya kukataa kuja. Leseni za masafa ya redio ziko kwa jina la nani? Skana ya kontena inatumia mionzi, na kibali chake kinamtaja mmiliki na afisa wa usalama wa mionzi kwa jina. Ukihamisha mmiliki bila kuhamisha kibali, mtambo unapaswa kuzimwa.

Watu, zamu na mishahara

Kosa la kawaida ni kuhesabu watu kwa meza. Kibanda kimoja kinachofanya kazi saa 24 kinahitaji saa 8,760 kwa mwaka. Afisa wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwenye karatasi. Ondoa likizo ya siku 28, mafunzo siku 10 na ugonjwa siku 5, kila siku saa 8, anabaki na 1,736. Gawanya: ni watu watano na nukta kwa kibanda kimoja, kabla hujaweka siku za sikukuu, msimamizi, mapumziko ya chakula na aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Kituo chenye vibanda sita vya mstari wa kwanza na nafasi mbili za ukaguzi wa kina kinataka watu 40 kwa kuanzia. Waziri akiahidi kwamba muungano "utapunguza watumishi", mwulize kama anafunga vibanda au anafuta mafunzo, maana hesabu haina mlango mwingine.

Mishahara ndiyo inayozalisha manung'uniko ya haraka. Maafisa wawili wanakaa kibanda kimoja, wanafanya kazi ileile, mmoja ana ngazi ya mshahara ya jeshi lenye amri na sare, mwingine ni mtumishi wa umma wa kawaida. Mmoja analipwa saa za ziada, mwingine hana haki hiyo ila ana nyumba. Mmoja anastaafu mapema. Kawaida ya kuwatoa kwenye mkwamo ni kupandisha wa chini afikie wa juu, kwa sababu kumshusha mtu kunaishia mahakamani. Gharama hiyo iwekwe kwenye makadirio tangu mwanzo. Ikikosekana, unapata mamlaka moja yenye makabila mawili, na kila kabila linakumbuka sare yake ya zamani.

Kuhusu ufundi: mfundishe kila afisa mstari wa kwanza wa kazi zote, usimfundishe kila mmoja kuwa bingwa wa zote. Mstari wa kwanza unahitaji kujua dalili za kumpeleka mtu au mzigo pembeni. Huko pembeni ndiko anakokaa anayejua hati bandia, anayejua wadudu, anayejua kemikali tangulizi, yaani zile zinazotumika kutengeneza dawa za kulevya. Wataalamu wawe na msururu wao wa kupanda vyeo, la sivyo njia pekee ya kuongezwa mshahara itakuwa kuacha utaalamu na kuwa msimamizi. Afya na kilimo ndio wanaoumia kwanza hapa, na mara nyingi ni busara kuwaacha chini ya wizara zao, wakae kwenye jengo moja na wafuate ratiba moja ya zamu.

Mifumo: orodha moja ya tahadhari, hifadhidata zibaki zilipo

Wauzaji wa mifumo hupenda mradi mkubwa wa kuunganisha kila kitu. Marekani ilijaribu uzio wa kielektroniki, SBInet, kuanzia 2006; ulifutwa Januari 2011 baada ya kutumia takribani dola bilioni moja na kufunika maili 53 za Arizona. Minara, kamera na rada zilikuwepo, ila ilikuwa vigumu kuvifanya vyote vizungumze kwenye skrini moja na vimfae askari aliye porini.

Kinachotakiwa mwaka wa kwanza ni kidogo: swali moja liulizwe mara moja na lijibiwe na mifumo yote. Afisa anaskani pasipoti, ombi linakwenda uhamiaji, forodha, polisi na hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa au kupotea, majibu yanarudi ndani ya sekunde chache kama rangi na maelekezo. Data inabaki kwa mwenyewe. Kuhamisha rekodi za miaka 20 kwenda mfumo mpya kufanyike baadaye, kwa utaratibu, au kusifanyike kabisa.

Ugumu uko kwenye majina. Ukurasa wa picha wa pasipoti una mistari miwili chini, kila mmoja nafasi 44 za herufi, na jina limepewa nafasi 39 tu. Jina refu hukatwa. Mfumo wa uhamiaji unasoma mistari hiyo. Mfumo wa forodha uliandikiwa jina na karani kutoka kwenye fomu. Polisi waliandika walichosikia. Ndiyo maana Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja au watatu. Tarehe ya kuzaliwa nayo: wasiojua siku yao huandikwa Januari 1, kwa hiyo mashine inayolinganisha jina na tarehe itakutana na umati mkubwa waliozaliwa siku hiyo. Mwezi na siku zikibadilishana nafasi kati ya mfumo na mfumo, Machi 4 inakuwa Aprili 3. Weka kanuni ya ulinganishaji yenye alama, jina likipewa uzito wake, tarehe wake, namba ya hati wake, na amua alama inayompeleka mtu pembeni. Ukiiweka chini, kila safari watu wasio na hatia watazuiwa na maafisa watazoea kubonyeza "endelea" bila kusoma. Ukiiweka juu, anayetafutwa anapita.

Kila jina kwenye orodha ya tahadhari liwe na mwenye nalo, sababu, maelekezo ya nini kifanyike na tarehe ya kumalizika. Majina yasiyo na tarehe ya mwisho hubaki milele, na baada ya muda hakuna anayejua kwa nini mtu huyu anasimamishwa. Pia kuwe na utaratibu wa mtandao ukikatika: nakala ya orodha iliyofungwa kwa siri kwenye kompyuta ya kituo, ikisasishwa kila siku, na daftari la waliopita wakati mfumo umelala ili waangaliwe mtandao ukirudi. Bila hilo, wasafirishaji wa magendo watajifunza ratiba ya umeme kabla yako.

Wakati mwingine usiunganishe

Kenya mwaka 2014, kupitia marekebisho ya sheria za usalama, iliunda kamati ya kuratibu udhibiti na shughuli za mipakani bila kuzifuta idara. Njia hii ni nafuu na inaweza kufanya kazi, kwa sharti kwamba kamati ina sekretarieti ya kudumu, fungu lake la fedha, na kwenye kila kituo kuna mtu mmoja anayetajwa kisheria kuwa na uamuzi wa mwisho juu ya mambo ya pamoja: foleni, usalama wa eneo, dharura. Kamati inayokutana kila robo mwaka na kuandika mihutasari haimsaidii dereva aliyesimamishwa mara tano na watu watano.

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani ni hatua nyingine. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kilifunguliwa Desemba 2009 na kufungua njia barani. Afrika Mashariki ina Sheria ya Vituo vya Pamoja Mpakani ya 2016, na Namanga, Busia na Rusumo vinafanya kazi kwa mtindo huo: msafiri anapita upande wa nchi anayotoka bila kusimama, anakamilisha kutoka na kuingia kwenye jengo la nchi anayoingia. Mpangilio wa madawati ni lazima uwe kutoka kwanza, kuingia baadaye. Na sheria lazima itaje eneo la udhibiti ambamo maafisa wa nchi moja wanafanya kazi kwenye ardhi ya nyingine, maana bila hiyo, uhamiaji anayemkamata mtu upande wa pili amemkamata bila mamlaka. Ukiwa na idara saba zisizoelewana upande mmoja na saba upande wa pili, jengo jipya linakuwa na madirisha 14. Hapo ndipo muungano wa ndani unapoanza kulipa.

Suala la njia za panya linahitaji makubaliano ya makabidhiano. Aliyekamatwa kilomita 15 kutoka kituoni na doria ya jeshi anafikishwa kwa nani, kwa gari la nani, na vielelezo vinasainiwa na nani? Askari akishika ng'ombe 40 au mafuta ya magendo bila fomu ya vielelezo, kesi hiyo ni mbovu kabla haijafika polisi.

Kupima

Idadi ya waliokamatwa haikuambii kama mpaka umeimarika; inaweza kupanda kwa sababu wanaovuka wameongezeka, au kwa sababu mtu mmoja amekamatwa mara nne. Njia ya uhakika zaidi ni sampuli ya nasibu: asilimia ndogo ya watu na mizigo, iliyochaguliwa na kompyuta bila mkono wa afisa, inakaguliwa kikamilifu hata kama haina dalili. Kinachokutwa humo kinaonyesha kinachopita kwa wasiokaguliwa. Maafisa wanaichukia, wasafirishaji wanaichukia, na msimamizi wa kituo atataka kuifuta siku yenye foleni, kwa hiyo kusitishwa kwake kuingie kwenye ile karatasi ya nani anaruhusiwa kusitisha nini.

Muda wa kupita nao usipimwe kwa wastani. Malori 90 yakipita kwa saa mbili na 10 yakakaa siku nne, wastani ni chini kidogo ya saa 11 na nusu, muda ambao hakuna lori hata moja lililoutumia. Toa muda wa kati, yaani wa lori lililo katikati ukiyapanga kwa muda, kisha utoe peke yake muda wa yale 10, na uulize yalisubiri saini ya nani. Majibu hayo yaende kwa timu ya mpito, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu baada ya sherehe ya uzinduzi wakati daftari la mambo yasiyotatuliwa bado limejaa. Iwekewe angalau miaka miwili, bajeti yake, na mkuu asiyetoka kwenye idara yoyote kati ya zilizounganishwa.